Simu used au iliyotoka kwa fundi: setingi, macho, app au kufungua, ipi inakuambia kipuri ni orijino?

Ukitaka kujua kama simu used ina vipuri orijino, au kama fundi amekufungia kile kioo alichokuahidi, njia ni nne tu: unaangalia setingi za simu yenyewe, unatumia macho na vidole, unatumia app au unachomeka kwenye kompyuta, au unafungua. Ubishi wake hauishi. Huyu anasema setingi zimeandika Genuine kwa hiyo imeisha hiyo, yule anasema setingi siku hizi zinachezewa we fungua tu, na mwingine anapiga *#06# akiona zile namba 15 zimetokea anatoa hela. Huyo wa mwisho ndo mwenye shida kubwa zaidi kwa sababu hizo namba, IMEI, ni za mazabodi (bodi kuu ya simu), haijui chochote kuhusu kioo wala betri wala kamera. Hao wawili wa mwanzo wana ukweli nusu nusu, maana kila njia ina kipuri inachokiona vizuri na kipuri isichokiona kabisa, na mtu akitumia njia ya betri kukagulia kioo ndo anapigwa hapo hapo huku amekagua.

Kwanza wekaneni sawa na muuzaji mnaongelea orijino ipi. Kuna kipuri kipya kutoka kwa mtengenezaji. Kuna kipuri cha mtengenezaji ila kimetolewa kwenye simu nyingine iliyokufa. Kuna kioo ambacho paneli ni ileile ya kiwandani lakini glasi ya juu ilipasuka ikabanduliwa ikawekwa nyingine. Afu kuna kopi, ambayo nayo ina madaraja, kuna kopi za OLED (kioo ambacho kila nukta inajiwasha yenyewe) na kopi za LCD (kinachowashwa na taa ya nyuma). Muuzaji akisema orijino anaweza kumaanisha yoyote kati ya hizo tatu za mwanzo na kwa anavyoona yeye hajadanganya. Mimi kioo au kamera iliyotoka simu nyingine sina ugomvi nayo, betri ndo sitaki, betri iliyotoka kwenye simu ya mtu ni orijino iliyochoka.

Setingi

Hapa iPhone imewaacha wengine mbali. Kuanzia iOS 15.2 iliyotoka Desemba 2021, ukiingia Settings, General, About, kama kuna kipuri kilishabadilishwa utakuta sehemu inaitwa Parts and Service History, na kama hakuna kilichobadilishwa sehemu hiyo haitokei kabisa kwa hiyo usiitafute mpaka jasho likutoke. Ila haisemi mambo sawa kwa simu zote. XR, XS na XS Max, pamoja na SE za 2020 na 2022, inakuambia habari za betri tu, iPhone 11 inaongeza kioo, 12 na kuendelea inaongeza na kamera, na simu za nyuma ya hapo kama 8 na X hazina hicho kitu. Yaani mtu anayekuambia "angalia About haina tatizo" akiwa ameshika iPhone X hajakuambia chochote.

Kipuri kikiwa cha Apple na kimefungwa kwa utaratibu wao kinaandikwa Genuine Apple Part, la sivyo Unknown Part. Hilo neno Unknown ndo linagombanisha watu, wengi wanalisoma kama feki, lakini Apple wenyewe wanaeleza kwamba linatokea kipuri kikiwa sio cha kwao, au kikiwa cha kwao ila kilishatumika kwenye iPhone nyingine, au kikiwa kizima kabisa ila kazi ya kukiunganisha na simu kwa programu yao haikumaliziwa. Kwa hiyo kioo cha kiwandani kilichotoka kwenye simu nyingine na kopi ya bei ya chini kabisa vinaweza kuandikwa neno lilelile. Tangu iOS 18 ya mwaka 2024 kuna neno Used kwa vipuri vya Apple vilivyotoka kwenye simu nyingine, kwa baadhi ya modeli, hapo angalau mambo yamekaa vizuri, ndo maana nikikuta simu ina iOS ya zamani na imeandika Unknown naona bora niamue kwa macho kuliko kwa hilo neno.

Kuna na upande wa pili ambao ni mbaya zaidi, simu kusema iko safi wakati sio safi. Betri ya iPhone ina kabodi kadogo kenye chipu, na fundi mwenye mkono mzuri anakatoa kwenye betri ya zamani anakachomelea kwenye seli mpya ya kopi, simu ikisoma inakuta seriali ileile iliyozaliwa nayo, haina cha kulalamikia. Zipo pia mashine ndogo za kuandika upya data za betri ili afya isome 100%, na mashine hizo hizo zinahamisha data za kioo cha zamani kwenda kioo kipya ili True Tone (ile ya kioo kujirekebisha rangi kufuata mwanga ulipo) irudi. Kwa hiyo ukiona iPhone ya miaka minne betri inasoma 100% na hapo About hakuna historia yoyote ya kubadilishwa kitu, usifurahi. Betri ya miaka minne haibaki 100%, na kama ingebadilishwa kihalali ingeandikwa.

iPhone 15 na kuendelea inasaidia zaidi kwa sababu inaonyesha betri imetengenezwa lini, imeanza kutumika lini na imeshapiga saiko ngapi (saiko moja ni kutumia chaji yenye jumla ya 100%). Apple wanasema betri za 14 kurudi nyuma zimeundwa zibaki na 80% baada ya saiko 500 na za 15 saiko 1000, basi piga hesabu, vile vitu vitatu lazima vikubaliane na umri wa simu na hiyo asilimia, tarehe ya betri ikiwa ya mbele kuliko simu yenyewe ujue imebadilishwa. Ukiwa hapo hapo About angalia na herufi ya kwanza ya Model Number: M ni simu iliyouzwa mpya, F imekarabatiwa na kuuzwa tena na Apple au mtandao wa simu, N ni simu ya kubadilishiwa mtu aliyepeleka mbovu, P ni ile iliyochongwa maandishi kwa kuagizwa. Muuzaji anasema ameinunua mpya dukani na herufi ni N, muulize taratibu.

Kitu ambacho ni kigumu kukidanganya kwenye iPhone ni alama ya kidole na uso. Kuanzia 5s, kile kitufe cha Touch ID kimefungwa na mazabodi yake, ukiweka cha simu nyingine alama ya kidole haifanyi, hata kama kwa 5s mpaka 6s kubonyeza kwa kawaida kinabonyezeka. Mwaka 2016 ilifika mahali iPhone 6 zilizowekwa vitufe vya nje zikiapdetiwa zinakufa na kuandika Error 53, mpaka Apple wakatoa marekebisho. Face ID nayo iko hivyo hivyo kwenye vile vipande vya mbele. Kwa hiyo usikubali "Face ID sijaiset tu", mwambie aiseti hapo mbele yako.

Android ni kila mtu na lake. Pixel za karibuni zinaonyesha taarifa za betri ndani ya setingi, baadhi ya Samsung mpya pia, na tangu 20 Juni 2025 kuna sheria ya Umoja wa Ulaya inayotaka betri za simu zifike saiko 800 zikiwa bado na angalau 80%, kwa hiyo naona kampuni zitazidi kufungua hizo taarifa. Ila ni betri tu, habari za kioo Android nyingi hazikuambii. Watu wanapiga *#0*# kwenye Samsung wakiona kila kitu kinafanya kazi wanasema orijino, hapana, ile menyu inapima kama kitu kinafanya kazi, kopi nayo inafanya kazi. Samsung Members, ile app yao ya kujipima simu, hivyo hivyo, ni daktari anayekuambia unapumua.

Macho na vidole

Kwa kioo, hii ndo naiamini kuliko zote na haihitaji kompyuta wala ujuzi mkubwa.

Simu ambayo kiwandani ilitoka na OLED au AMOLED, fungua picha nyeusi tupu, weka mwanga juu kabisa, ingia sehemu ya giza au funika kwa mikono uchungulie. OLED pikseli nyeusi zinazima kabisa, huoni mpaka kati ya kioo na fremu. Kopi ya LCD ina taa nyuma inayowaka muda wote, kwa hiyo nyeusi inakuwa kijivu kijivu na pembeni utaona mwanga unavuja. Kwenye Samsung hapo ndo ile *#0*# ina kazi sasa, maana inakupa rangi tupu nyekundu, kijani, bluu na nyeusi bila kutafuta picha.

Pili, kama simu ina fingaprinti ya chini ya kioo, sajili kidole kipya hapo hapo. Sensa zile zinategemea kuona au kusikia kidole kupitia kioo chembamba cha OLED, ukiweka LCD yenye tabaka lake la taa nyuma haipenyi, na vioo vingi vya kopi hata vya OLED vinaisumbua. Fundi akikuambia "kioo ni orijino ila fingaprinti ya hizi simu huwa zinakufa" mwambie akuonyeshe imekufaje. Kipimo hiki hakina maana kwa simu zenye fingaprinti ya pembeni au nyuma, wala kwa simu zilizozaliwa na LCD, kwa hiyo kabla hujaenda kuiona simu tafuta modeli yake ilitoka na kioo cha aina gani na cha hezi ngapi (Hz, yaani kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde). Hii ya hezi watu wanaisahau: simu ya 120Hz ikikataa kwenda zaidi ya 60, au ukiskroli inakatika katika wakati setingi inasema iko 120, hapo kuna kitu.

Vingine vya kioo ni vya haraka. Toka nje juani uone kama unasoma bila kukunja uso, kopi nyingi mwanga wake ni mdogo. Weka tone la maji, glasi yenye mipako ya kiwandani tone linajikusanya, isiyo nayo linatandaa, ingawa simu iliyotumika miaka mingi mipako inaisha yenyewe kwa hiyo hiki peke yake hakitoshi. Angalia mstari mweusi kuzunguka picha, kopi mara nyingi mpaka wake ni mnene na wa chini mnene zaidi. Kwenye iPhone shikilia kile kipimo cha mwanga uone kama True Tone ipo (iPhone 8 na kuendelea), ikikosekana kioo kimebadilishwa, ikiwepo haithibitishi kitu kwa sababu nimeshasema inaweza kurudishwa.

Afu pitisha kucha kwenye mshono wa kioo na fremu pande zote. Kioo kilichonyanyuka kidogo, gundi iliyokauka ikiwa imetokeza, skrubu za chini zilizochunika vichwa, hivyo vinasema imefunguliwa. Kufunguliwa sio dhambi, ila anayesema haijawahi kuguswa ameshakuongopea moja na utajiuliza ya pili ni ipi. Toa trei ya laini umulike ndani, simu nyingi zina kastika keupe ambako kakiguswa na maji kanageuka kekundu.

Macho yanashindwa kwa betri. Betri unaiona tu ikiwa imeshavimba na kunyanyua kioo, na hapo hauhitaji ushauri.

App na kompyuta

Kwa iPhone kuna 3uTools, ya kompyuta, unachomeka simu inakuletea ripoti yenye safu mbili, thamani ya kiwandani na thamani iliyosomwa sasa hivi, kwa mazabodi, betri, kamera, kioo na vingine. Faida yake juu ya setingi ni kwamba inafanya kazi hata kwa simu za zamani ambazo Parts and Service History haizigusi. Hasara yake ni ileile, inasoma kile simu inachosema, kwa hiyo betri yenye bodi iliyohamishwa inapita vizuri kabisa. Na lazima muuzaji akubali uchomeke na atoe loki ya simu, wengine hawataki na sio wote wana nia mbaya, simu bado ina vitu vyao.

Kwa Android, AccuBattery inakadiria uwezo halisi wa betri kwa kupima umeme unaoingia ukichaji. Sio ya kukagulia simu ya mtu dakika tano, inataka uichaji mara kadhaa ndo namba itulie. Ila kwa simu yako iliyotoka kwa fundi ni nzuri sana: kama betri imeandikwa 5000 mAh na baada ya wiki app inakaa kwenye 3200, ile stika imeandikwa na mtu mwenye matumaini. Dalili nyingine ya betri kopi ni kushuka kwa kuruka, inakaa 30% muda mrefu afu inazima.

App za kuonyesha vifaa vya ndani, CPU-Z na wenzake, nazitumia kwa jambo moja tu, kukamata simu ambayo nzima nzima ni feki, setingi zinasema chipu kubwa ya mwaka huu na app inaonyesha kitu kingine. Uhifadhi nao unaweza kuandikwa uongo, na huo, hasa kwa memori kadi na flashi, dawa yake ni H2testw au F3 ambazo zinajaza kadi mpaka mwisho na kusoma tena, kadi ya uongo itaanguka katikati.

Kufungua

Ndani ndo unaona stika ya betri, QR na maandishi kwenye fleksi (zile waya bapa za ndani), masalia ya kuchomelea, vifuniko vya chuma vya bodi kama vimeshabanduliwa, na alama za kalamu ambazo wakarabati wanaziandika kwenye vioo. Ile kabodi ka betri iliyohamishwa, fundi mzuri akifungua anaiona pale pale kwenye mchomeleo. Hakuna njia nyingine iliyonijibu swali hilo kwa uhakika.

Lakini gharama yake ni kubwa kuliko watu wanavyofikiria. Kioo kinapashwa moto na kuvutwa, gundi ya kuzuia maji inakatika, na simu ya IP67 au IP68 (yenye kinga ya maji) ikifunguliwa usiitegemee tena majini hata ikibandikwa gundi mpya. Kama haikuwa imefunguliwa kabla, wewe ndo umekuwa wa kwanza. Muuzaji wa mkononi hatakubali na ana haki. Kwa hiyo nafungua pale tu simu ni yangu tayari, ni ya gharama, na betri ina tabia za ajabu.

Laptop kidogo

Laptop ni rahisi kuliko simu, nashangaa watu wanaziogopa. Windows, andika powercfg /batteryreport kwenye command prompt, inakupa faili yenye jina la mtengenezaji wa betri, uwezo wa kuzaliwa na uwezo wa sasa. Mashine ya miaka mitano yenye namba hizo mbili zinazolingana mpaka tarakimu ya mwisho, betri ni mpya au ni kopi, na jina la mtengenezaji likiwa tupu au herufi zisizoeleweka naegemea kopi. CrystalDiskInfo inaonyesha diski imewaka masaa mangapi. Linganisha seriali ya kwenye BIOS na ya stika ya chini, zikitofautiana mazabodi au kava la chini limetoka kwingine. MacBook hizo saiko ziko System Information sehemu ya Power, nyingi za kisasa kikomo chake ni 1000. Dell ikiwaka na kuandika kwamba aina ya chaja haijulikani, anza na chaja kabla hujamlaumu mtu kwa betri. Na hapa kwa laptop nyingi kufungua hakuna hasara kubwa, ni skrubu za chini tu, kwa hiyo kwa laptop naanza na kufungua, kinyume kabisa na simu.

Sasa uchague ipi

Umekutana na muuzaji na mna dakika kumi: macho kwanza, yaani nyeusi, fingaprinti au Face ID, hezi, mshono, afu setingi za betri. Ukilazimika kuchagua kimoja tu kwa iPhone 12 na kuendelea chagua setingi, kwa Android chagua macho bila kufikiria mara mbili.

Unanunua kwa mbali: hauna macho, umebaki na setingi, lakini usikubali skrinshoti, skrinshoti inaweza kuwa ya simu nyingine. Omba video moja isiyokatika inayoanzia kwenye *#06#, iende About mpaka chini, iende kwenye afya ya betri, imalizie kwa kufungua simu kwa uso au kidole. Na ukiipokea ile nyeusi ya gizani unaifanya siku hiyo hiyo, kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Unapeleka simu yako kwa fundi: hapa una nguvu kuliko wote na watu hawaitumii. Kabla hujaiacha piga picha About yote na, kama ni iPhone, toa ripoti ya 3uTools uihifadhi, ili ikirudi ulinganishe na kamera isije ikawa imebadilika wakati ulipeleka kioo. Mwambie mapema unataka kile kipuri cha zamani akurudishie. Muulize kipuri kipya ni kipi kati ya zile aina nne na akiandike kwenye risiti kwa maneno hayo, sio "kioo orijino". Kopi ya OLED iliyoandikwa kopi na kulipwa bei ya kopi mimi naichukua vizuri tu kwa simu ya kazi. Kwenye betri tu ndo naongeza pesa, na hata hapo orijino sio kinga ya kila kitu, Galaxy Note 7 za 2016 ziliwaka moto zikiwa na betri za kiwandani, zikarudishwa, na zile walizobadilishiwa watu nazo zikawaka mpaka Samsung wakaacha kuitengeneza. Kwa hiyo betri yoyote mpya, iwe ya kampuni yoyote, wiki ya kwanza ichaji ukiwa macho na uishike mgongoni, ikiwa ya moto kupita ile uliyoizoea irudishe kwa fundi na hiyo risiti.